Mraba wa Kijivu

Ukipita Kasungami, pembeni mwa jiji la Lubumbashi, asubuhi, pale penye mashine ya kusaga mahindi, huenda ukamkuta mwanamke wa miaka thelathini na kitu amesimama ukingoni mwa barabara, simu kuukuu mkononi. Kioo cha simu kimepasuka kona hadi kona, na mtandao wa mahali pale ni wa kubahatisha. Anaitazama, anangoja, anaitazama tena. Wanawake wanaopeleka mahindi mashineni wamemzoea, na hawamwachi apite hivi hivi.

"Dada Cathy, uyu bwana anakawia kujibu!"

"Atajibu," Cathy husema. "Tumupatie wakati."

Huwa hacheki sana anaposema hivyo, nao hawamchimbi zaidi. Bwana mwenyewe hayupo. Cathy yuko kazini. Kazi yake ni kutengeneza tovuti, na siku hizi hakuna tovuti inayotoka mikononi mwake kabla hajaifungua kwenye simu ile, pale pale barabarani, aone inasema nini na inanyamazia nini. Mteja awe mkubwa namna gani, atangoja. Waliochukizwa na kungoja walikwenda kwingine, na safari njema.

Hakuwa hivyo zamani. Jamani, hakuwa hivyo hata kidogo.

Alianza na afishi za harusi, zile zinazorushwa kwenye simu za wageni, bibi na bwana harusi wakiwa wamezungukwa na maua ya dhahabu. Kutoka hapo akaingia kwenye tovuti: za maduka, za shule, ya kanisa moja lililotaka njiwa aruke kutoka upande huu wa kioo hadi upande wa pili. Cathy alimrusha njiwa. Alikuwa na jicho, huwezi kumnyima hilo. Alijua rangi gani ikae na rangi gani, alijua kuacha nafasi tupu ili macho yapumue, na picha ikipita mkononi mwake ilitoka ina uhai. Lakini mlango wa tovuti zake haukufunguka mara moja. Kwanza giza, kisha mwanga unaingia pole pole, kisha jina linajiandika herufi kwa herufi. Alipenda mtu aingie kama anavyoingia kanisani siku ya sikukuu, na hakuwahi kujiuliza kama mtu huyo ana haraka.

Mteja wake mmoja, Mama Émerance, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza vitenge kwa jumla hapa Lubumbashi, alijaribu kumwambia.

"Mwanangu, site iko muzuri. Iko muzuri sana! Lakini bantu ya Kasumbalesa, kule ku mupaka, banasema habaone namba ya simu."

"Iko kule chini, mama. Bashuke tu."

"Bashuke mupaka wapi? Muntu iko mu foleni ya makamyo, juwa inamuchoma, anataka kuniita tu."

Cathy alitabasamu kwa heshima, na moyoni akasema mama huyu hajazoea vitu vizuri. Namba ikabaki chini kabisa, kwa maandishi membamba, kwa sababu ikipanda juu ingeharibu picha. Mama Émerance akaacha mambo yaende.

Aliyejivunia kazi hiyo kuliko wote alikuwa mama yake Cathy, Julienne. Julienne aliuza samaki wakavu sokoni Kenya, yaani Kenya mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, si ile nchi ya mbali. Samaki walitoka ziwa Mweru, huko Kilwa alikozaliwa, na aliyemtumia alikuwa kaka yake mkubwa, Katongo. Kwa samaki hao alimsomesha Cathy mpaka akamaliza. Hakuelewa sana tovuti ni mnyama gani, lakini kila Cathy alipomaliza moja, alitaka aonyeshwe. Alivaa miwani, akashika simu ya binti yake kwa mikono miwili, akaangalia maua yakifunguka.

"Na miye?" alisema siku moja. "Yangu utaitengeneza lini?"

"Mama, weye utauzisha nini mule? Samaki?"

"Shi sura yangu tu. Bantu bajue nilikuwaka mu dunia."

Wakacheka wote wawili. Cathy akaahidi kwamba iko siku. Lakini kazi za wateja hazikwishi, na ya mama, mtu huiweka kesho, kwa sababu mama yupo.

Mwishoni Julienne alihama mtaa wa Kenya, akaenda kukaa Kasungami, kwenye kiwanja alichokitunza miaka mingi. Akajenga nyumba ndogo, akaweka lango la buluu, akalima mahindi nyuma ya nyumba. Majirani wapya hawakumjua kwa jina la Julienne. Kwao alikuwa Mama Cathy, basi, yamekwisha. Kaka yake Katongo alikuwa hajafika bado kuiona nyumba hiyo. Alisema atakuja mvua zikikatika, barabara ya Kilwa ikipitika. Kifo hakikungoja mvua zikatike. Asubuhi moja Julienne alikaa kizingitini kufunga kamba za viatu, na hakuinuka tena.

Kilio kikawekwa pale pale Kasungami. Wanaume wakafunga turubai uani na kupanga viti. Wanawake wakaondoa vitu sebuleni na kukaa chini. Na swali la kwanza, kama kawaida, likawa ni nani anatangaza na anatangaza vipi, maana kwenye kilio kilichopita katika ukoo huo kila mtu alituma sauti yake kwenye simu, huyu akitaja saa hii na yule saa nyingine, na nusu ya familia wakaenda makaburi mengine.

"Hii mara hapana," Cathy alisema. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini sauti ilikuwa imara. "Nitatengeneza ukurasa mumoja. Kila muntu atumiwe link. Hakuna wa kuandika bintu vipande-vipande."

Ézéchiel, binamu yake wa upande wa baba, ndiye aliyepewa kazi ya kupokea wageni. Akakuna kichwa.

"Na bale ba Kilwa?"

"Nabo pia. Habana simu?"

Cathy akakaa kitandani kwa mama yake, kompyuta mapajani, na hapo ahadi ikamrudia. Ee Mungu, ilimrudia kwa nguvu! Mama alitaka sura yake ionekane. Basi itaonekana. Akachukua picha ambayo Julienne amevaa kitenge cha buluu na kucheka na mtu asiyeonekana, akaweka nyuma yake maji ya ziwa Mweru, akaleta giza la kufungulia na mwanga unaopanda taratibu, mpaka uso wa mama unatokea. Saa ya mazishi, nyumba, makaburi, namba ya Ézéchiel ya kupokea wageni, vyote aliviandika ndani ya picha yenyewe, kwa herufi za dhahabu zilizopinda vizuri, zikimzunguka mama begani. Nyumba aliitaja kwa namba ya kiwanja na jina la barabara kama lilivyo kwenye karatasi za serikali, ingawa hakuna mwendesha pikipiki wa Kasungami anayelijua jina hilo. Ilipendeza zaidi hivyo. Nje ya picha aliacha mstari mmoja tu wa maneno ya kawaida, juu kabisa: Mama Julienne, mwanga wetu hauzimiki.

Ukurasa ukaenda. Majibu yakamiminika kutoka Kolwezi, kutoka Lusaka, kutoka kwa binamu mmoja aliye Ubelgiji ambaye alisema amelia mbele ya wenzake kazini. Hii ndiyo kumuheshimia mama, waliandika. Na Cathy alifurahi. Tuseme lililo kweli: mama yake alikuwa bado chumba cha maiti, naye akasoma sifa zile na kufurahi. Kisha shangazi zake wakamchukulia simu, kama inavyofanywa, mfiwa akae chini alie kwa utulivu bila kusumbuliwa. Simu ya mama yake, iliyokuwa imezimwa, ikawekwa pamoja na ya kwake ndani ya mfuko mmoja, juu ya kabati.

Kwa Katongo ujumbe ulikuwa umekwenda kwa mkono wa Ézéchiel, kutoka simu ya Cathy iliyokuwa na namba yake, kabla shangazi hawajaichukua: Mjomba, dada yako Julienne ametutoka, programu yote iko hapa. Na link chini yake. Jibu halikuja. Kwa upande wa Kilwa hiyo haikuwa ajabu; wavuvi wakiwa kwenye kambi za ziwani, mtandao unawapata unapotaka wenyewe.

Lakini Katongo hakuwa mgeni wa kufika au kutofika. Kwao Julienne, kaburi la mwanamke halifungwi mpaka kaka yake amtupie udongo wa kwanza na kusema neno la kumwachia aende. Na matanga yakifika siku ya kuanuliwa, yeye tena ndiye anayeyaanua. Asipofanya, kilio hakijaisha, hata kama viti vimerudishwa na turubai limefunguliwa. Watoto wa marehemu wanabaki wakielea, hawana upande wa mama. Cathy alilijua hilo tangu utoto. Siku nzima ya kuamkia mazishi alikuwa akiuliza swali moja tu.

"Mjomba amefika?"

"Bado," Ézéchiel alimjibu kila mara. "Barabara imeharibika. Iko njiani."

Siku ya mazishi jeneza lililetwa nyumbani, watu wakaaga. Wakangoja. Jua likapanda, waimbaji wakarudia nyimbo zao, dereva wa gari la maiti akaanza kutazama saa. Wazee wa upande wa baba wakajitenga pembeni, wakanong'ona, wakarudi.

"Cathy, mwanetu, tuende."

"Tungoje kidogo, baba."

"Tumengoja. Makaburini banatungojea siye tu."

Wakaenda. Gari likatangulia na matawi mabichi mbele, watu wakiimba nyuma, wakapita mashine ya kusaga, wakapita njia panda, mpaka makaburini. Padri alipomaliza kukawa na kimya, na kila mmoja alijua kimya kile ni nafasi ya nani. Ézéchiel alitazama barabara mara ya mwisho. Kisha Cathy mwenyewe akainama akatupa udongo wa kwanza, na hakusema neno lolote, maana neno halikuwa lake.

Katongo alifika alasiri. Aliingia kwa lango la buluu kwa miguu, matope mpaka magotini, kofia mkononi, ameongozwa na mwanamke mmoja wa mtaa aliyemhurumia na kuzunguka naye nyumba kwa nyumba. Mkono mwingine ulishika kitambaa cheupe kilichofungwa fundo. Alitazama uani. Akaona viti, akaona watu wanakula chakula cha baada ya makaburi, na hapo akaelewa. Akakaa chini pale pale langoni.

Cathy alimkimbilia, akapiga magoti. "Mjomba..."

Hakumtazama. Kitambaa alikiweka juu ya paja. Ndani mlikuwa na udongo wa Kilwa, kutoka kaburi la mama yao, aliouchukua kwa ajili ya dada yake.

"Mulimuzika," alisema.

"Tulikungojea, mjomba. Tulikungojea sana."

"Mulimuzika bila miye. Hata kuniambia saa, hapana. Hata nyumba, hapana. Siye ba Kilwa tuko banyama?"

Ézéchiel alifika mbio, roho ikimuuma kwa lawama hiyo. "Mujomba, shi nilikutumia! Programu yote iko mu site. Angalia!" Akaichomoa simu yake mpya, akafungua. Giza likaja, mwanga ukapanda, Julienne akatokea anacheka, herufi za dhahabu begani. Watu walioketi karibu walinyoosha shingo kumtazama tena.

Katongo alitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa simu yake, ile yenye kioo kilichopasuka, akaifungua na kumpa Cathy.

Juu kulikuwa na mstari: Mama Julienne, mwanga wetu hauzimiki. Chini yake kulikuwa na mraba wa kijivu, na katikati ya mraba kaduara kadogo kanazunguka, kanazunguka, hakafiki popote. Basi. Hakuna kingine.

"Kule ku kambi mapicha nzito haipitake," Katongo alisema, sasa bila ukali, kwa uchovu tu. "Mega ya internet iko kidogo. Maneno inapita, picha hapana. Nilisoma jina ya dada. Nilisoma ile ya mwanga. Nikaona hii inazunguka. Nikasema, bado habayapanga saa. Nikangojea."

Cathy alishika simu, akaugusa mraba ule kwa kidole.

"Kamyo ya samaki ilinifikisha ku mutaa wa Kenya. Kule bakanionyesha njia ya Kasungami. Nikakuya Kasungami tangu asubuhi. Nafungula hii kitu: kijivu. Nauliza bantu, nyumba ya Julienne? Hakuna anayemujua Julienne. Nikasimama pale ku mashine ya mahindi, nafungula, nafunga. Nikakuita weye, haukushika. Nikamuita na yeye."

"Yeye nani?" Ézéchiel aliuliza.

"Julienne. Sikukuwa na namba ingine."

Asubuhi nzima, walipokuwa wakimngoja, mjomba wao alikuwa mwendo mfupi kutoka lango la buluu, akipiga simu zilizolala juu ya kabati ndani ya mfuko mmoja. Na namba ya Ézéchiel, ambaye alikuwa ameshika simu mkononi siku nzima akiomba ilie, ilikuwa ndani ya mraba ule, imeandikwa kwa dhahabu.

Katongo alilala usiku ule kwa watu wa kwao mtaani Kenya, na kulipokucha akapanda gari la kurudi. Hakulaani mtu, na ingekuwa afadhali angelaani. Kitambaa aliondoka nacho. "Hii udongo naregesha," alimwambia Ézéchiel. Alipoulizwa habari za kuanua matanga, alivaa kofia yake na kusema wataona.

Cathy hakugusa kazi kwa muda. Wateja walipiga, hakujibu. Siku alipofungua kompyuta tena, alianza na ukurasa wa mama yake, na alianza kwa hasira. Alifuta giza, akafuta mwanga, akafuta ziwa, akafuta picha. Akaandika kwa herufi za kawaida nyeusi, juu ya weupe mtupu: siku ya kuanua matanga, saa, makaburi, na njia. Njia aliiandika jinsi mtu anavyoelekezwa mtaani: shuka kwenye mashine ya kusaga, fuata miti ya mikalitusi mkono wa kuume, uliza kwa Mama Cathy, lango la buluu. Akaweka namba ambazo ukizigusa zinapiga zenyewe. Akamtumia Katongo. Alijiambia huo ndio ukweli wa kazi, na mengine yote ni mapambo ya kumdanganya mtu. Na kama angeishia hapo, angekuwa amekosea mara ya pili.

Katongo alipiga simu siku chache baadaye. Upepo wa ziwa ulisikika nyuma yake.

"Nimesoma. Saa nimeona, njia nimeona."

"Asante, mjomba. Utakuya?"

"Lakini hii iko sawa na tangazo ya serikali, banatafuta muntu mwenye hakulipa kodi. Julienne iko wapi mule?" Na simu ikakatika, au aliikata, Cathy hakujua.

Alikaa na swali hilo. Mjomba hakuwa amesema atakuja. Lakini alikuwa ameuliza alipo dada yake, na mtu hamuulizi asiyemtaka tena. Cathy akarudi kazini, na safari hii hakufanya kwa kutaka sifa wala kwa hasira. Maneno aliyaacha juu, maneno kweli, yasiyofungwa ndani ya picha yoyote: nani, lini, wapi, njia ipi, mpigie nani. Aliyapa nafasi yapumue, akayapa herufi nene za kusomeka juani, na chini ya jina la mama akapitisha mstari mmoja wa buluu ya kitenge, rangi isiyo na uzito wowote kwenye mtandao. Kisha picha. Ile ile ya kucheka, lakini aliipunguza, akaipunguza tena, mpaka ikawa nyepesi ya kupita hata mtandao ukiwa wa kuchechemea. Na mahali pa picha, iwapo haitafika, hakuacha mraba mtupu. Aliandika: Hapa Julienne anacheka, amevaa kitenge chake cha buluu.

Halafu akaazima simu mbovu kabisa kwa jirani, akaenda kusimama pale pale kwenye mashine ya mahindi, mahali aliposimama mjomba wake. Akafungua. Maneno yakafika kwanza, yote, na njia ya nyumbani. Kisha mstari wa buluu. Kisha, kitambo kidogo, mama. Cathy alilia pale barabarani mbele ya wanawake na mifuko yao ya mahindi, na siku hiyo hakuna aliyemtania.

Akautuma Kilwa. Jibu halikuja. Siku zikapita, siku yenyewe ikafika, na hakuna aliyejua kama Katongo yuko njiani au yuko ziwani. Wazee wa upande wa baba walishaanza kusema kwamba asipokuja, wao wenyewe wataanua, na Cathy alijua maana yake: nyumba itafagiliwa, watu watakula, na yeye atabaki mtoto asiye na wajomba.

Asubuhi ile alikuwa uani akipanguza viti, hata maji hayajatekwa, aliposikia lango linagongwa. Akafungua. Katongo alikuwa amesimama peke yake, viatu safi, hakuongozwa na mtu. Simu mkononi, kitambaa cheupe mkononi.

"Mashine, mikalitusi, lango ya buluu," alisema. "Iko kweli."

Cathy alitaka kupiga magoti, mjomba akamshika kiwiko, akamzuia.

"Na yeye nilimuona," aliongeza. "Pale ku mashine. Alikuya nyuma ya maneno, anacheka."

Kabla hawajaondoka Cathy alimwomba wabadilishane simu, yeye achukue ile iliyopasuka na mjomba achukue yake. Katongo hakuuliza ya nini. Alimpa tu.

Makaburini watu walisimama mbali kidogo, wakampisha. Katongo alichuchumaa kando ya kaburi, akafungua fundo, akachukua udongo wa Kilwa kiganjani. Cathy alikuwa nyuma yake, karibu, akasikia kila neno.

"Julienne," alisema. "Nilichelewa, utanisamehe. Siku ile nilikuwa pale ku mashine, nangojea banijulishe. Gari ilipita na majani mbele, bantu banaimba. Nilitoa kofia. Nikasema, pole kwa wenye kilio." Akaufinya udongo kiganjani. "Kumbe mwenye kilio ni miye."

Akaumwaga udongo, akamwambia aende. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma, akautafuta mkono wa Cathy, akamtilia kiganjani udongo uliobaki kitambaani, amwagie mama yake.